Sauti Iliyobaki Dunguni

Ifakara, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu mpendwa Skolastika,

Uniwie radhi kwa kukuandikia barua hali ungali katika mji huu huu pamoja nami. Umekwenda Kibaoni kumuaga mama yako wa ubatizo, nawe utarudi kabla jua halijazama. Hata chai uliyoniachia haijapoa. Mzazi mwingine angengoja binti yake arudi, amketishe, aseme naye. Mimi nilijaribu jana wakati wa chakula, nikashindwa. Miaka mingi ya ualimu ilinizoeza kusema mbele ya watoto sitini, lakini haikunizoeza kumwambia mmoja jambo linaloniaibisha mwenyewe. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Tafadhali usiisome barua hii mbele yangu. Isome njiani, lori litakapokuwa limekwisha kuuacha mji.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Mkunga ni wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikinywa maji ya kisima mpaka uliponikataza.

Jana ulisema hivi, nami nayarudia maneno yako kama nilivyoyasikia: "Baba, mshahara wa zahanati ni mdogo, lakini sina wasiwasi. Nitafanya kama ulivyofanya wewe. Nitashika kazi yangu, na pembeni nitakuwa na shamba la mpunga. Jumbe wa Masagati amekwisha kunikubalia kipande bondeni, na mama mdogo Adelina atakuja kuniamia ndege wasiule."

Kaka yako akapiga meza kwa furaha. "Huyu ndiye mtoto wa Mwalimu!" akasema. Mama mdogo wako akainuka, akakusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Nami nikaikazia macho sahani yangu hadi nayo ikachukuliwa.

Nitafanya kama ulivyofanya wewe. Mwanangu, nimelala na maneno hayo, nikaamka nayo. Naomba nikueleze nilivyofanya.

Kwanza nikutoe hofu: hukukosea kutafuta riziki ya pili. Mshahara wa Misheni unamtosha mtu asiyeugua, asiye na ndugu, na asiyeliwa nyumba na mchwa. Mimi sikuwa mtu huyo, nawe hutakuwa. Mwenye mshahara mdogo asipoitafuta riziki ya pembeni kwa macho mawili, ataitafuta kwa macho yaliyofumbwa, katika vitu vya kazini vilivyowekwa chini ya mkono wake. Niliwaona wenzangu wawili wakifukuzwa kwa ajili ya chaki na mafuta ya taa. Kwa hiyo tafuta, na utafute mapema, kabla haja haijakushika.

Lakini shamba lile la mpunga, ambalo watu wa hapa hulisifu kuwa ndilo lililowasomesha kaka zako na kuezeka nyumba hii kwa bati, halikuwa kazi yangu ya pembeni. Lilikuwa kazi ya marehemu mama yako. Mimi nilikuwa na jina tu.

Wewe unamkumbuka mama yako Veronika kwa sauti ile ya mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Ulipokuwa mdogo ulimwigiza, naye akacheka. Ulidhani ndivyo alivyozaliwa. Ndugu zako wanadhani vivyo hivyo, na kosa hilo ni langu, kwa sababu sikuwaambia. Sauti mliyoijua si sauti niliyoioa.

Tulipokuwa milimani Mahenge, kabla hatujashuka huku bondeni, mama yako ndiye aliyeongoza upande wa wanawake katika kwaya. Padre wetu alikuwa mzee mgumu wa kusifu, mtu aliyeweza kula chakula kizuri mwaka mzima asiseme neno. Hata yeye, Veronika alipoanza Gloria, ule wimbo wa utukufu katika Misa, alikawia kugeuka kutoka altareni, akimsikiliza. Nilimwoa kwa ajili ya mambo mengi, lakini ningekuwa mwongo kama nisingelitaja hilo kwanza. Nilikuwa nikimsikia kabla sijamwona.

Tuliposhushwa huku, mimi mwalimu wa shule ya nyasi, naye ana watoto wawili na wa tatu tumboni, niliomba kipande cha mbuga kama alivyofanya kila mtu. Nilijiona mwerevu. Nilisema: shule inakwisha saa nane, mchana wote uliobaki ni wangu. Kulima tukalima pamoja, hilo halina uongo. Kupanda tukapanda pamoja. Lakini mpunga, mwanangu, haumtaki mtu wa saa nane. Unapoanza kutia maziwa, ndege wadogo wenye midomo myekundu huja na mapambazuko, wengi kama moshi, na hawaendi mpaka giza liingie. Anayewaamia hana budi kulala shambani, kushinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, kuvuta kamba za makopo, kurusha udongo kwa kombeo, na zaidi ya yote kupiga kelele. Majuma hayo ndiyo yale yale ambayo mkaguzi wa shule alikuwa akija. Sikulijua hilo nilipoomba shamba. Mwaka wa pili nililijua, nikaliacha liendelee.

Basi mama yako akahamia shambani. Alikaa juu ya dungu lile majuma sita, wakati mwingine saba, na wewe mgongoni. Ulipoanza kutambaa alikufunga kamba kiunoni usianguke chini. Alipiga kelele tangu jogoo la kwanza mpaka jua lizame. Mimi nilifika Jumamosi, nimebeba chumvi, sabuni, na fungu la madaftari.

Nitakuambia sasa jambo ambalo sikulisema hata kwa Padre, kwa sababu sikujua kama ni dhambi, nalijua leo. Jumamosi moja nilikaa kwenye kivuli, chini ya dungu, nikisahihisha hesabu za darasa la nne. Juu yangu mama yako alikuwa akiita na kuita, na makopo yakilia. Nikainua kichwa nikasema, kwa upole kabisa, kama nisemavyo siku zote: "Veronika, punguza kidogo, tafadhali. Nakosea kujumlisha."

Alinyamaza. Ndege wakashuka. Baada ya kitambo akashuka ngazi, akaanza kuwakimbiza kwa miguu, kando kando ya shamba, akipiga makofi, ili nisikosee kujumlisha. Nami nikamaliza madaftari.

Alifanya kazi hiyo misimu minne. Mwaka wa nne Pasaka ilichelewa, ikaangukia katikati ya ndege. Mama yako aliomba jirani amshikie dungu siku moja, akatembea usiku kucha kuja kanisani, kwa kuwa kwaya yetu hapa nayo ilikuwa imekwisha kumjua. Alivaa ile kanga ya maua ya manjano. Ilipofika Gloria alisimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa sauti. Kilikuwa kama mtu anayeburuta jembe juu ya jiwe. Alijaribu tena. Wanawake wa kwaya wakaingia haraka kumfunika, kama watu wanavyomfunika mtu aliyeanguka, na Misa ikaendelea.

Tulipotoka nilimwambia, "Pole. Ni mafua; yatapita."

Akanitazama, akatabasamu. "Si mafua, Mwalimu," akasema. "Sauti yangu wamekula ndege. Tuwashukuru, mpunga wametubakizia."

Nilicheka. Nisamehe, mwanangu, nilidhani ni utani, nikacheka. Alasiri ile ile akarudi shambani.

Haikurudi tena sauti ile. Nasi tuliendelea na shamba misimu miwili zaidi, maana nisiseme uongo nikajionyesha mtu aliyetubu upesi. Tuliliacha kwa sababu mafuriko yalilizoa dungu pamoja na shamba. Kabla ya hapo tulikuwa tumeezeka bati, na Padre alipokuja kuibariki nyumba alisimama mlangoni akasema mbele ya watu wote: "Mtazameni Mwalimu. Mkono mmoja chaki, mkono mmoja jembe." Watu wakapiga makofi. Mama yako naye alipiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na kwa adabu hiyo nikapokea sifa isiyokuwa yangu. Ndiyo sifa uliyoisikia tangu utoto, na ndiyo unayotaka kuifuata mpaka Masagati.

Utaniuliza: basi riziki ya pembeni niliyoipata mwenyewe ilikuwa ipi? Ni migono, ile mitego ya samaki ya kusuka kwa mianzi. Najua unaikumbuka kama mchezo wa uzee wangu, lakini migono ndiyo iliyolipa karo yako hata ukafika kwa Masista kusomea ukunga.

Baada ya mafuriko tulibaki na mshahara mtupu. Hapo ndipo nilipoanza kumtembelea Mzee Kasiani, Mndamba wa mtoni, ambaye unamkumbuka kwa meno yake mawili. Nilimwona akiharakisha kusuka mtego wa samaki, vipande vibaya vibaya, kwa sababu alichukia kukaa. Mtu yule alitaka kuwa majini. Mimi nami, kama Mpogoro halali wa mlimani, niliogopa maji hata ya magotini. Nikawaza: yeye hapendi kukaa, mimi kazi yangu yote ni kukaa. Nikamwomba anifundishe.

"Wewe mtani," akasema, "maji yenyewe unayavuka umefumba macho, sasa unataka kumjengea samaki nyumba?"

Nilijifunza juma moja, nikajiona fundi. Nikasuka migono mitano, na wazazi wa wanafunzi wangu wakainunua yote siku moja. Nikasuka mingine, ikanunuliwa pia. Hakuna aliyelalamika. Nilifurahi sana, mpaka siku moja nilipopita nyuma ya nyumba ya mzazi mmoja nikaona mgono wangu umefugiwa kuku.

Nikambebea Kasiani mmoja autazame. Aliingiza mkono katika mdomo wa ndani, ule wa vijiti vinavyoelekea ndani ili samaki aingie asitoke, akautoa mkono wake bila kukwaruzwa hata kidogo. Akauingiza tena, akautoa. Akaita watu wa ukingo wote wa mto waje watazame.

"Jamani, njooni muone ukarimu wa Mpogoro! Samaki anakaribishwa, anakaa, anaaga, anakwenda zake. Kasoro shikamoo tu!"

"Mbona wanunuzi hawakuniambia?" nikamuuliza.

"Watakuambiaje? Watoto wao si uko nao wewe? Mtu amwambie mwalimu kwamba kazi yake mbovu, halafu mtoto ashinde juani?"

Sikuwahi kumshindisha mtoto juani kwa sababu hiyo, lakini hilo halikubadilisha kitu. Waliogopa, na anayekuogopa hakufundishi kazi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kurudisha walichonipa. Tangu siku hiyo sikumuuzia mzazi hata mgono mmoja. Niliwauzia wavuvi walionitukana. Walinitukana miezi mitano. Baada ya hapo wakaanza kuniagiza.

Nakuandikia hili kwa sababu ya zile kofia za watoto wachanga ulizojifunza kufuma kwa Masista. Sikuagizi ufume, wewe unaijua mikono yako. Lakini nimekuwa nikikutazama: unafuma ukiongea, unafuma ukingoja maji yachemke, mgonjwa akiita unaiweka chini na ukirudi unaikuta ilipokuwa. Ni kazi inayokusubiri. Mpunga hausubiri. Nao wanasema Masagati kuna baridi ya milimani. Ukifuma, nakusihi usimuuzie mama aliyelala kitandani kwako. Atanunua hata iliyotoboka, na atakushukuru. Mpelekee mwenye duka wa Mlimba, mtu asiyehitaji chochote kwako. Akikutupia kofia usoni, umepata mwalimu.

Mama yako hakuugusa mgono hata mmoja. Nilimkataza, lakini kwa kweli hakuniomba. Nilikaa barazani baada ya shule, napasua mianzi, naye alikaa karibu, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe. Wakati mwingine alikuwa akiguna wimbo, mdomo umefungwa. Nilijifanya sisikii, ili asinyamaze.

Sasa nije kwenye jambo la leo asubuhi, maana ndilo lililonipa nguvu ya kuandika.

Ulipokuwa ukifunga sanduku lako, nilimfuata mama mdogo wako uani, alikokuwa akipepeta mchele wa watu.

"Shemeji," nikasema, "nina jambo la kukuomba msamaha."

"Sema, Shemeji, lakini sogea upande huu. Makapi yatakuingia kwenye miwani."

Nikamweleza yote, ya dungu, ya madaftari na ya Gloria. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza, ndipo akauweka ungo magotini.

"Unadhani unanipa habari?" akasema. "Pasaka ile dada alipita kwangu kabla hajarudi shambani. Alilia mpaka akalala. Nani aliyemchemshia asali? Mimi."

"Mbona hukuniambia, Adelina?"

"Uliniuliza?"

Nikasema, "Na jana, Skola alipokutaja, mbona ulinyamaza?"

"Alinitaja, hakuniuliza. Mmefanana."

Mwanangu, usimkasirikie kwa neno hilo. Wala usijikasirikie mno. Ulijifunza kwa mtu aliyeshangiliwa, nami ndiye niliyekubali kushangiliwa. Lakini ni kweli: ulimpangia mjane, dada wa mama yako, majuma sita juu ya miti minne, kisha ukaomba uletewe chumvi mezani. Ulilisema kwa upole kabisa. Mimi naujua upole huo.

Nikamwambia Adelina kwamba nitakuzuia, kwamba hatakwenda. Hapo ndipo alipochukia.

"Nani kakuambia sitaki kwenda? Napenda kulima. Nimechoka kupepeta mpunga usiokuwa wangu. Masagati nitakwenda, lakini sikiliza masharti, uyaandike kama kawaida yako. Shamba jumbe aliandike kwa jina langu. Skola atakula kwangu kama mtoto anavyokula kwa mama yake mdogo. Akitaka mpunga wa kuuza, siku yake ya mapumziko aje apande ngazi, apige kelele na mimi. Na ndege sitawaamia peke yangu. Nataka mwenzangu wa kupokezana, jua hadi jua."

"Mwenzako nani?"

"Hilo ni lako, Mwalimu. Hesabu ulifundisha wewe."

Nilisimama pale, mwanangu, nikijumlisha. Kaka zako wana kazi. Wewe una waja wazito wa kuwahudumia. Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa limesimama pale pale na fimbo mkononi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele wa watu ukamwagika. "Wewe? Ngazi utaipanda na magoti hayo? Shemeji, ndege watakupigia shikamoo!"

"Nitawaitikia marahaba, halafu nitawafukuza," nikasema. Tukaokota mchele pamoja, punje kwa punje, naye akawa bado anacheka. Tulipomaliza akaacha kucheka. Akanitazama kama anavyotazama mchele, kuona kama una mawe. Akasema, "Haya. Mpunga ukianza kutia maziwa, uwe umefika."

Hivyo ndivyo tulivyopatana, nami sitabadilika. Najua utakapoisoma barua hii utawaandikia kaka zako wanizuie. Nakuomba kwa heshima usifanye hivyo. Nimekuwa mtu wa kuomba radhi maisha yangu yote. Nimeomba radhi kwa wakaguzi, kwa mapadre, kwa wazazi, hata kwa mbwa niliyemkanyaga. Kwa mama yako sikuomba, kwa sababu hakudai. Sasa hayupo wa kuombwa. Limebaki dungu tu.

Nina haja mbili kwako. Utakapofika, mwendee jumbe umwambie kwa adabu kwamba shamba si lako tena, ni la Adelina, na kwamba ulikosea kuliomba bila kumuuliza. Litakuuma kwa siku moja tu. Ukilinyamazia litakuuma kama lilivyoniuma mimi. Kisha, wakati wa kujenga dungu ukifika, waombe vijana wa huko wachague miti imara, na vipandio vya ngazi vikaribiane, kwa ajili ya mzee.

Kuhusu sauti, usiwe na hofu. Nilifundisha miaka yote ile kwa sauti ya chini. Watoto wa Misheni hunyamaza wenyewe. Ninayo yote, haijatumika. Mungu, aliyeisikia ya mama yako kabla yetu sote, na akutangulie njiani, mwanangu, na mikono yako aiweke nyepesi juu ya kila mtoto utakayempokea.

Na msimu ule, nitakaporudi kwako jioni koo limekauka, nikikuita jina lako na kisitoke kitu, usiharakishe kunichemshia asali. Niache kwanza nisikie alivyosikia mama yako.

Baba yako,
Benedikto